Masomo Ambayo Sheria ya Jimbo Inazilazimisha Shule za Umma Marekani Kuyafundisha: Maswali ya Wazazi Wanaozungumza Kiswahili

Maswali haya nimeyakusanya nikiwa mkalimani wa kujitolea kwenye vikao vya wazazi na walimu. Wanaouliza wametoka Kivu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa, na wengi kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Kinachoniuma ni kwamba swali huja limechelewa. Mtoto yuko gredi ya 12, imebaki miezi minne amalize, ndipo mzazi anaambiwa kuna somo halikuchukuliwa. Nimeandika ili uulize wakati muda bado upo.

Kwani Marekani haina mtaala mmoja wa taifa?

Haina, na hili ndilo la kwanza kulielewa, kwa sababu sisi tumelelewa na mfumo tofauti kabisa. Tanzania, Taasisi ya Elimu huandika muhtasari, na mtoto wa Kasulu na wa Lindi hukaa mtihani mmoja wa NECTA, baraza la mitihani la taifa. Congo, mwanafunzi wa Goma na wa Kinshasa wote wanausubiri mtihani wa taifa uleule. Ukifika Marekani na mazoea hayo, unadhani kuna mtu Washington amekaa na kuamua watoto wote wasome nini. Hayupo.

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata kwa neno moja. Marekebisho ya Kumi yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana elimu ikaangukia majimboni. Mwaka 1973, katika kesi iliyotokea San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya taifa. Sheria kuu ya shirikisho kuhusu shule, ya mwaka 2015, inaikataza serikali ya Washington kuamuru mtaala. Inachodai ni mitihani: kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia gredi ya 3 hadi ya 8 na mara moja sekondari, na sayansi mara tatu katika safari nzima ya shule.

Kwa hiyo familia ikihama kutoka Texas kwenda Iowa, kwa upande wa masomo ni kama imehamia nchi nyingine. Usihame katikati ya sekondari bila kuuliza, kama una uwezo wa kuchagua.

Basi ni nani hasa anayeamua mwanangu asome nini?

Ni ngazi. Bunge la jimbo hutunga sheria inayotaja masomo. Bodi au idara ya elimu ya jimbo huandika viwango, yaani mtoto wa gredi fulani ajue nini katika kila somo. Texas bodi hiyo ina wajumbe 15 wanaopigiwa kura na wananchi. Chini yake kuna wilaya ya shule, ambayo kwa kawaida ndiyo inayonunua vitabu na kupanga ratiba, nayo ina bodi yake. Mwalimu yuko mwisho kabisa.

Ukiwa na lalamiko kuhusu kitabu, ukimvamia mwalimu unamwonea bure. Nenda kwenye mkutano wa bodi ya wilaya. Ni wa wazi, na kwa kawaida kuna dakika chache ambazo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema.

Orodha yenyewe ikoje? Nipe mifano.

Massachusetts ndilo jimbo lililotangulia kuwalazimisha wazazi kupeleka watoto shule, mwaka 1852 (la mwisho lilikuwa Mississippi, 1918). Sheria yake inataja tahajia, kusoma, kuandika, lugha ya Kiingereza na sarufi yake, jiografia, hesabu, kuchora, muziki, historia na katiba ya Marekani, wajibu wa raia, afya, elimu ya viungo, na mwisho kabisa, tabia njema. Ndiyo, tabia njema imo ndani ya sheria. Kila ninapowasomea wazee wetu mstari huo wananitazama kwa mshangao, maana wao wamezoea kusikia kwamba Marekani shule hazijali adabu.

Texas inagawa orodha mafungu mawili. Fungu la msingi ni Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii, ambayo ndani yake mna historia ya Texas, ya Marekani na ya dunia, serikali, jiografia, na uchumi kwa kusisitiza mfumo wa biashara huria na faida zake. Fungu la pili lina lugha nyingine zisizo Kiingereza, afya, elimu ya viungo, sanaa, masomo ya ufundi na kazi, teknolojia, na matumizi ya fedha binafsi. Historia ya Texas mtoto huisoma gredi ya 4, kisha tena ya 7. Mtoto aliyefika kutoka Kakuma akiwa gredi ya 7 atajifunza vita vya Alamo, vya Texas kujitenga na Mexico, hata kabla Kiingereza hakijamkaa sawa. Usishangae, msaidie.

California huhesabu hadi dakika. Elimu ya viungo gredi ya 1 hadi ya 6 ni dakika zisizopungua 200 kila siku kumi za shule, na kuanzia gredi ya 7 ni dakika 400. Tangu Januari 2024, mwandiko wa kuunganisha herufi nao umerudi kuwa lazima gredi ya 1 hadi ya 6.

Nimesikia kuna jimbo linalotaka watoto wafundishwe njaa ya Ireland. Ni kweli?

Kweli. New York inataka shule zifundishe uzalendo, uraia na haki za binadamu, na sheria inataja kwa majina mauaji ya kimbari, utumwa, mauaji ya halaiki ya Wayahudi, na njaa kubwa ya Ireland ya 1845 hadi 1850. Jimbo hilohilo lina kifungu kingine kinachotaka watoto wa shule za msingi wafundishwe kuwatendea wanyama kwa huruma.

Illinois mwaka 1990 lilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha somo la mauaji ya Wayahudi, na mwaka 2021 likawa la kwanza kulazimisha historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Florida inataka historia ya Waafrika, na maneno ya sheria yake yanaanzia kwa watu wa Afrika kabla ya migogoro iliyozaa utumwa, ndipo yanakuja mateso ya kuvuka bahari. Mzazi wa Kiswahili uliyeko Jacksonville au Tampa, hapo una la kuuliza: mwanangu atajifunza nini kuhusu Afrika kabla ya utumwa? Kilwa imo? Ukiuliza kwa upole, mwalimu anaweza hata kukualika uje darasani kuzungumza.

Vifungu vya namna hii havikushuka kutoka mbinguni. Nyuma ya vingi kulikuwa na watu wa jamii fulani waliowaendea wabunge wao wa jimbo tena na tena, wakitaka watoto wao wajione ndani ya vitabu. Sisi bado hatujafanya hivyo, na sioni sababu ya kutofanya.

“Lazima kufundishwa” na “lazima kufaulu ili kuhitimu” ni kitu kimoja?

Hapana! Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Kuna orodha tatu. Ya kwanza ni ya masomo ambayo shule inalazimika kuyafundisha au kuyatoa. Ya pili ni masomo ambayo mtoto lazima ayafaulu, kwa idadi maalumu ya krediti (hesabu ya masomo aliyoyamaliza na kuyafaulu), ili apewe diploma ya sekondari. Ya tatu ni ya chuo kikuu anachotaka kwenda, na orodha hiyo kwa kawaida haimo katika sheria ya jimbo. Watoto wetu wengi wanaanguka kwenye nyufa kati ya orodha hizi.

Chukua California. Sheria ya jimbo inadai miaka mitatu ya Kiingereza, miwili ya hisabati, miwili ya sayansi, mitatu ya masomo ya jamii, miwili ya elimu ya viungo, na mwaka mmoja wa sanaa, lugha ya kigeni au ufundi. Wilaya inaweza kuongeza juu yake, haiwezi kupunguza. Lakini vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilohilo vinadai miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati na miwili ya lugha nyingine. Kwa hiyo mtoto anaweza kutimiza kila herufi ya sheria, akavaa joho, ndugu wakapiga vigelegele, na chuo kikuu cha jimbo lake kikamwambia hana sifa. Hakuna aliyemdanganya. Ni kwamba hakuna aliyempa mzazi orodha ya tatu.

Texas diploma ya msingi ni krediti 22. Mtoto anapoingia gredi ya 9 huchagua mkondo, kama sayansi, biashara au sanaa, na akiufuata hadi mwisho anakuwa na krediti 26, zikiwemo hisabati nne na sayansi nne. Kuna fomu inayomruhusu mtoto auache mkondo na kubaki na 22, na mzazi lazima asaini. Nimeona mzazi akiletewa fomu hiyo na kuisaini bila kutafsiriwa, akidhani ni ruhusa ya safari. Usisaini karatasi ya shule usiyoielewa. Rudi nayo nyumbani, tafuta mtu akusomee.

Mwulize kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, kwa maneno haya hasa: “Mwanangu akiendelea na ratiba hii, atakuwa na sifa za kuingia chuo kikuu cha umma cha jimbo letu?” Uliza gredi ya 9. Uliza tena ya 10.

Mtoto alisoma sekondari Afrika. Masomo yale yanahesabiwa?

Mara nyingi yanahesabiwa, ila si yenyewe kwa yenyewe. Shule mpya hutathmini rekodi za zamani na kuzigeuza krediti. Peleka kila ulichonacho: ripoti za muhula, bulletin za Congo, matokeo ya kidato cha pili, cheti chochote chenye mhuri. Kama kiko kwa Kifaransa au Kiswahili, omba kitafsiriwe. Usikitupe kwa kudhani hakina maana hapa.

Wengine karatasi zao ziliungua au zilibaki njiani, najua. Uliza kama mtoto anaweza kupata krediti kwa kufanya mtihani bila kukaa darasani; Texas, kwa mfano, inaruhusu. Kijana aliyesoma aljebra vizuri katika kambi ya Nakivale, Uganda, hana sababu ya kuirudia mwaka mzima kwa kukosa karatasi.

Umri nao una mpaka. Majimbo mengi humruhusu kijana kusoma sekondari ya umma bure hadi miaka 21 au karibu na hapo. Aliyefika na miaka 17 bado ana nafasi. Asikubali kuelekezwa moja kwa moja kwenye shule ya watu wazima kabla hajajua haki yake katika jimbo hilo.

Kiswahili kinaweza kuhesabiwa kama somo la lugha?

Kinaweza, na wengi wanaiacha hazina hii ilale. Kuna mitihani ya ustadi wa lugha ambayo inapatikana kwa Kiswahili: kusoma, kuandika, kusikiliza, kuzungumza. Wilaya nyingi huitumia kumpa mtoto krediti za lugha. Halafu kuna mhuri wa umilisi wa lugha mbili unaowekwa kwenye diploma, ulioanzia California mwaka 2011 na sasa umeenea karibu nchi nzima.

Chuo Kikuu cha California kwa muda mrefu kimekuwa na kanuni nzuri zaidi: mtoto aliyesoma miaka miwili, kuanzia darasa la sita na kuendelea, katika shule isiyofundisha kwa Kiingereza, huhesabiwa kuwa ametimiza sharti la lugha. Fikiria mtoto aliyemaliza la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali Tanzania, ambako masomo ni kwa Kiswahili. Ripoti zake za darasa la sita, ambazo pengine zimelala ndani ya sanduku, zina thamani.

Lakini kuongea nyumbani hakutoshi. Mitihani hiyo inadai kuandika, na watoto wengi waliokulia hapa wanasikia Kiswahili bila kuweza kuandika barua ya mistari kumi. Anzeni mapema.

Mwanangu hajui Kiingereza. Je, wanaweza kumweka darasa la Kiingereza tu na kumnyima sayansi na hisabati?

Hawatakiwi. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa. Shule inalazimika kumsaidia ajue lugha na pia ayafikie masomo mengine.

Namna ya kusaidia inatofautiana. Illinois, shule ikiwa na watoto 20 au zaidi wa lugha moja wanaohitaji msaada, inalazimika kuwa na programu inayotumia pia lugha yao. Texas ina kanuni inayofanana, ila inahesabu watoto 20 wa gredi moja katika wilaya nzima. Kuna miji ambako watoto wa Kiswahili wanafika idadi hiyo, lakini hawahesabiwi, kwa sababu kwenye fomu ya kuandikisha mzazi aliandika Kiingereza kama lugha ya nyumbani akidhani itamsaidia mtoto. Andika ukweli. Ukizungumza Kibembe au Kinyamulenge nyumbani na Kiswahili na majirani, sema hivyohivyo.

Somo la uzazi na jinsia: naweza kumtoa mtoto?

Katika majimbo mengi unaweza, ila njia ni mbili na usizichanganye. California humfundisha kila mtoto, angalau mara moja gredi za 7 na 8 na mara moja sekondari, isipokuwa mzazi aandike barua ya kukataa. Ukinyamaza umekubali. Arizona ni kinyume chake: mtoto hafundishwi mpaka mzazi akubali kwa maandishi. Ukinyamaza umekataa.

Kabla ya kuamua, omba kuona kitakachofundishwa. California ina wajibu wa kukuonyesha. Mimi niliomba kuona, nikakuta mengi yanahusu kujilinda dhidi ya maradhi na watu wabaya, nikamwacha binti yangu asome. Mwenzangu aliyesoma yaleyale alimtoa wake. Kila mmoja wetu alijua anachokiamua.

Kuhusu vitabu vya hadithi, mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua upande wa wazazi wa kaunti ya Montgomery, Maryland, wakiwemo Waislamu na Wakristo, waliotaka kuarifiwa na kuruhusiwa kuwatoa watoto wao vitabu vyenye mada za mapenzi ya jinsia moja vinaposomwa, kwa sababu za imani.

Na mageuko ya viumbe?

Hayo yamo ndani ya sayansi. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa katika mji wa Dayton, Tennessee, kwa kufundisha kwamba binadamu alitokana na viumbe wa chini, akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya Arkansas iliyokataza somo hilo, na 1987 ikafuta ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba nalo. Mtoto wako anaweza kujibu mtihani kama alivyofundishwa na kubaki na imani yake; mwalimu hana ruhusa ya kumlazimisha aamini.

Biblia au Qur'ani kama fasihi au historia inaweza kufundishwa. Ibada ikiongozwa na shule hairuhusiwi, tangu hukumu za 1962 na 1963.

Kiapo cha bendera ni lazima?

Majimbo mengi yanataka shule ikiendeshe. Mtoto halazimiki kukisema wala kusimama. Hukumu ni ya 1943, kesi ya familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia.

Binti yangu anavaa hijabu. Elimu ya viungo itakuwaje?

Somo lenyewe kwa kawaida hawezi kulikwepa, lakini mavazi yanazungumzika. Shule nyingi hukubali suruali ndefu, mikono mirefu na hijabu ya michezo. Andika barua mwanzoni mwa mwaka, usisubiri akose alama.

Somo la uraia ni lile la mtihani wa uhamiaji?

Katika baadhi ya majimbo ni maswali yaleyale. Arizona ilianza mwaka 2015: ili mtoto ahitimu alitakiwa kupata angalau 60 kati ya maswali 100 ya mtihani wa uraia wa wakati huo. Majimbo kadhaa yakafuata. Hii ni baraka ndani ya nyumba. Nimeona baba na mwanawe wakiulizana mezani usiku, baba akijiandaa kwa mahojiano yake na kijana kwa diploma yake.

Somo la fedha nalo linaenea. Florida, walioanza gredi ya 9 mwaka 2023 lazima wapate nusu krediti ya matumizi ya fedha. California imepitisha sheria itakayowabana watakaohitimu 2031.

Sheria inasema muziki ufundishwe, lakini shule yetu haina mwalimu wa muziki. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu sheria nyingi hutaja somo bila kutaja saa, mwalimu wala fedha. Somo linalopimwa kwa mtihani hupata muda; lisilopimwa hubanwa. Tangu sheria ya shirikisho iliyosainiwa Januari 2002 ilipozibana shule kwa matokeo ya kusoma na hisabati, historia, sayansi na sanaa zimepungukiwa muda katika shule nyingi za msingi, na shule za mitaa maskini ndizo zinazoumia zaidi. Ndiko wengi wetu tunakoishi.

Cha kufanya: omba ratiba ya wiki ya darasa la mwanao kwa maandishi. Linganisha na sheria ya jimbo. Nenda kwa mkuu wa shule, kisha bodi ya wilaya, kisha idara ya elimu ya jimbo, kwa mpangilio huo, kila mara ukiwa na nakala. Mzazi mmoja husikilizwa kidogo, wazazi kumi na wawili waliokaa safu moja husikilizwa vizuri.

Orodha hizi hubadilika?

Kila kikao cha bunge. Novemba 2024 wapiga kura wa Massachusetts walifuta sharti la kufaulu mtihani wa jimbo ili kuhitimu. Usitegemee alichosoma mtoto wa jirani aliyemaliza miaka mitano iliyopita.

Na shule za charter, za binafsi, au kufundisha nyumbani?

Charter ni shule za umma, lakini majimbo huziondolea baadhi ya masharti, uliza yapi. Shule za binafsi na kufundisha nyumbani zina sheria zake katika kila jimbo, nyingine kali, nyingine legelege sana.

Hatuna karatasi za uhamiaji. Mtoto ana haki ya masomo haya?

Anayo. Plyler dhidi ya Doe, 1982, kesi ya Texas: jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya umma ya bure kwa sababu hana hati.

Shule inalazimika kunipa mkalimani?

Ndiyo, kwa mambo ya msingi kama krediti, adhabu, elimu maalumu na matokeo, na ni bure. Omba siku kadhaa kabla, taja ni Kiswahili cha wapi, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Unguja vina tofauti. Na tafadhali, asitafsiri mtoto mwenyewe. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho mwalimu alisema kijana amefeli hisabati mihula miwili, na kijana akamgeukia mama yake: “Mama, anasema naendelea vizuri.”